KAZI HUBADILIKA, AMANA HAIBADILIKI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu zetu wa pwani, twawaandikia kutoka Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha. Twajua kuwa jina la Naivasha limekuwa chungu masikioni mwenu. Mwaka 2019 reli mpya itokayo Mombasa ilifikishwa upande huu, na mwaka 2020 serikali ikaamuru shehena za kwenda Uganda na nchi nyingine jirani zishughulikiwe katika kituo cha Naivasha. Dereva wa lori, wakala wa forodha, mwenye ghala na mama muuza chakula karibu na bandari, wote waliiona riziki ikiwapita juu ya reli. Septemba 2022 amri iligeuzwa, na kazi ile ikarudishwa Mombasa.

Walionung'unika hawakukosa, kwani kudai haki mbele ya mtawala si dhambi. Lakini twauliza: katika miaka ile tulijifunza nini? Wako waliokaa barazani wakingoja mambo yarudi yalivyokuwa. Na wako waliojifunza ufundi mwingine, au wakafungua biashara ndogo. Amri ilipogeuka, hawa wa pili walikuwa na milango miwili; wale wa kwanza walikuwa na mmoja, na ufunguo wake u mkononi mwa mwingine.

Husemwa kuwa kuacha kazi ya baba ni kuacha jadi, na kuacha jadi ni kulegea katika dini. Maneno haya hayana msingi. Abdurrahman bin Auf alihama Makka akaacha mali yake. Alipofika Madina, Saad bin Rabii alitaka kumpa nusu ya mali. Yeye akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaanza kwa samli na jibini, wala hakuona haya. Na katika mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alilikubali shauri la Salman Mfarsi la kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea vitani. Chombo kilikuwa kipya. Imani ilikuwa ile ile.

Na nyumbani ni vivyo hivyo. Masurufu ni wajibu wa mume, na hilo halibadiliki. Lakini mume aliyekatikiwa na kazi asione fedheha mkewe akishona au akiuza. Bibi Khadija alikuwa mfanyibiashara, na Mtume alisafiri na mali yake kwenda Sham kabla ya kumwoa. Fedheha ni kuwalaza watoto na njaa kwa ajili ya kiburi.

Ziwa hili lilipungua mno katika miaka ya 1940, na mwaka 2020 likafura hata likaingia majumbani katika mtaa wa Kihoto. Alimaye kando yake hashindani na maji. Huyatazama, akalima panapofaa.

Basi kila mzazi na amfunze mwanawe, pamoja na Qurani, ufundi zaidi ya mmoja. Swala, ukweli wa mizani na amana tuvishike bila kuvigusa. Mengine tuyapime kwa halali na haramu. Yaliyo halali tuyapokee mapema, kabla hayajatukuta tumelala.

Wabillahi tawfiq.