Neno «Namkataa»



Siku ya Ubatizo wenu, kabla ya maji kumwagwa, Padri atamwuliza kila mmoja kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Mtajibu: «Namkataa.» Siku hiyo neno hilo ni jepesi. Nguo ni nyeupe, wasimamizi wako kando, ngoma zinangoja mlangoni. Nani angeshindwa kulitamka? Lakini Shetani hamjaribu mtu siku ya karamu. Huja siku ya kazi.

Mjini Goma, mwaka 1981, alizaliwa kijana jina lake Floribert Bwana Chui. Alisoma sheria, kisha akaajiriwa na ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, akawekwa mpakani kuangalia vyakula viingiavyo nchini. Baada ya kazi alikuwa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio. Pamoja na wenzake aliwasaidia watoto wa barabarani wapate chakula na masomo. Jambo hili lisipitwe upesi, maana mtu aliyezoea kumlisha mtoto wa barabarani, akitazama gunia la mchele, huona vinywa vya watakaokula.

Mwaka 2007 mchele ulioharibika uliletwa mpakani. Wakampa fedha ili aupitishe, akakataa. Wakaongeza fedha, wakamsukuma na kumtisha, akakataa. Tarehe 7 Julai akatekwa, na siku 2 baadaye maiti yake ikaonekana, imejaa alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Penye moto wa jioni wako watakaosema: «Kufa kwa ajili ya mchele! Angalipokea, angalioa, angalimtunza mama yake.» Wasemao hivyo si wapumbavu wote. Wanajua njaa, wanajua mshahara unaochelewa, wanajua jamaa wanaomngojea mwenye kazi arudi na kitu mkononi. Lakini katika hesabu yao amesahauliwa mtu mmoja: yule ambaye angaliula mchele ule. Hana jina, hakuwapo mpakani, wala hakuweza kujitetea. Floribert alimhesabu. Hapo amri ya 5 na amri ya 7 zilikutana katika gunia moja, kwa maana fedha ile ingalikuwa wizi na uuaji pamoja.

Wengine husema rushwa ni desturi ya mababu, kwa kuwa zamani watu walimpelekea mwami mbuzi. Sivyo. Mbuzi wa mwami alipita njiani mchana, watu wote wakimwona. Rushwa hutaka giza. Ndiyo sababu hupewa majina matamu, matabishi au pesa ya sabuni, kana kwamba jina tamu linaondoa sumu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Mungu aliwaonya Waisraeli wasipokee rushwa, kwa kuwa huwapofusha hata wenye kuona.

Na kijijini je? Huko hakuna mpaka wala magari ya mchele, lakini yuko mwenye mizani ya kahawa, yuko mwalimu auzaye alama za mtihani, yuko mzee wa baraza apokeaye kuku wa mshitaki kabla ya kumsikia mshitakiwa. Huyo mzee haombwi damu yake. Aombwa kurudisha kuku.

Mwerevu mmoja aweza kuuliza: waliomwua Floribert hawakumwambia amkane Kristu, basi, amekuwaje mfiadini? Isidore Bakanja alipigwa kwa sababu ya skapulari yake, akafa mwaka 1909. Anuarite aliuawa mwaka 1964 kwa kulinda nadhiri ya usafi wake. Hao wanafahamika upesi. Lakini Eklezya imetazama kiini cha jambo. Floribert aliikataa fedha kwa sababu alikuwa mtu wa Kristu, na waliomwua walichukia haki ile iliyotoka katika imani yake. Neno alilolitamka mpakani ni lile lile la kisimani pa Ubatizo, ila mpakani hapakuwa na ngoma.

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma, alitangazwa kuwa Mwenyeheri. Kesho yake Papa Leo wa 14 aliwapokea mahujaji waliokuja kwa ajili yake. Kati yao alikuwapo mama yake mzazi.