Nani Aliziba Upenyo?

Ukikata bomba kwa msumeno uliolazwa nyuzi 45, unapata mdomo wa mshazari. Ukivikutanisha vipande viwili vya namna hiyo, unapata kiwiko, ambacho mafundi hukiita elbo. Fundi yeyote wa kuchomelea pale Korogwe analijua hilo. Mimi nilijifunza kwa njia ndefu zaidi, kwa kompyuta.

Shule moja ya Handeni ilihitaji elbo ya kupeleka maji ya mvua kutoka kwenye paa hadi kwenye tangi. Handeni maji si jambo la mzaha. Hata ya bomba huvutwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi ambao wenyeji wanaujua kwa herufi tatu tu: HTM. Elbo ya kipenyo cha milimita 300 haikupatikana madukani, nami nilikuwa natafuta kazi ya vitendo kwa ajili ya masomo yangu ya uzamili. Nikajitolea kuichora.

Programu ya kuchora haikubali kukunjua bomba lililofungwa. Lazima uache ufa mwembamba kwa urefu wake, ndipo ikubali kwamba hili lilikuwa bamba lililoviringishwa. Unalikata mshazari, unaamuru likunjuke, na mbele yako linalala bamba bapa lenye ukingo wa wimbi moja, linalopanda na kushuka hadi kimo kile kile lilikoanzia. Kwa chuma cha unene wa milimita 3, upana wake ulikuwa milimita 933. Nikatuma mchoro Dar es Salaam ukakatwe kwa leza, mabamba yakaja Korogwe kwa basi, na fundi akayaviringisha.

Nilipofika karakana jioni, elbo ilikuwa tayari, mshono umesawazishwa.

“Shikamoo mzee. Imekaa vizuri?”

“Marahaba. Imekaa, mwanangu.”

Hakuongeza neno. Kijana anayemsaidia ndiye aliyeniambia, wakati ananisindikiza barabarani, kwamba vipande havikukutana. Mzee alitumia saa tatu na grinda, na rodi za kuchomelea ambazo hazikuwa kwenye makubaliano yetu.

Usiku nilikaa kupiga hesabu. Leza hukata wima kwenye bamba, kwa hiyo likishaviringishwa, ukingo wake hauna ule mlalo ambao msumeno ungeuacha. Vipande viligusana kwa makali ya ndani upande wa mgongo, na kwa makali ya nje upande wa kona fupi. Ubavuni, huku na huku, ukabaki upenyo wa milimita 2 hivi. Nilikuwa nimechora kwa kufuata katikati ya unene, kana kwamba chuma ni karatasi.

Na kwenye ripoti yangu nilikuwa nimeshaandika: “Vipande vilikutana bila marekebisho.” Nilipoiandika sentensi hiyo sikujua. Baada ya kujua, kila siku niliyoiacha ilivyo ilikuwa siku ya kusema uongo.

Mtu anaweza kuniuliza kosa liko wapi. Elbo haivuji, shule imefurahi, fundi hakulalamika. Tena kurekebisha ni sehemu ya ufundi. Mambo mengi kwetu husimama kwa sababu kuna mikono inayomalizia kile ambacho karatasi ilikisahau. Nilijiambia hayo kwa siku nne. Lakini fundi hakulalamika kwa sababu mimi ndiye niliyeleta kazi, na alitaka nilete nyingine. Ukimya wa mtu wa namna hiyo si ridhaa. Ni gharama ambayo ameamua kuibeba.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali haisemi ufa uzibwe na nani, wala kwamba ukizibwa kimyakimya, aliyeusababisha ataendelea kuusababisha. Shule nyingine mbili zilikuwa zimeomba mchoro ule ule. Mzee alikuwa ameziba upenyo kwenye chuma. Kwenye faili langu ulikuwa bado wazi, ukisubiri saa tatu za fundi mwingine nisiyemjua.

Nikaurekebisha mchoro. Upande wa mgongo niliuhesabu kwa nusu kipenyo cha ndani, milimita 147, na upande mfupi kwa cha nje, milimita 150. Nikaifuta ile sentensi, nikaandika kilichotokea, pamoja na saa tatu na ni nani aliyezifanya. Kisha nikapanda basi hadi Korogwe na pesa kwenye bahasha.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akahesabu noti, akaziweka mfukoni.

“Na huo mchoro mwingine,” akauliza, “unene umeuweka?”