Mgeni Aliyelipia Jembe

Wahenga wetu walituachia kanuni fupi ya ukarimu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu utotoni nimeisikia ikisemwa kwa mzaha, aghalabu na mwenye nyumba aliyekwisha kuchoshwa na mgeni wake. Sikuwahi kuifikiria kwa makini mpaka siku moja ya mwezi wa Machi, mwaka 2018, nilipojikuta katika kijiji kimoja cha Vietnam, mgeni wa robo saa tu, na jembe nimeshapewa. Tena kupewa si neno lake. Nililipia.

Kazi ndiyo iliyonipeleka katika mji wa Da Nang, ulio pwani ya kati ya nchi ile. Siku ya mwisho ilikuwa ya mapumziko, nami nikaamua kwenda Hoi An, kiasi cha kilomita 30 kusini. Mzanzibari hawi mgeni sana mahali kama pale. Hoi An ulikuwa mji wa bandari uliofikiwa na wafanyabiashara wa Kichina na Kijapani, na baadaye wa Ulaya. Mto ukajaa mchanga, meli kubwa zikahamia Da Nang, na mji ukabaki na nyumba zake za kale na vichochoro vyake. UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, na Mji Mkongwe wetu ukafuata mwaka 2000. Hata maduka ya vinyago na vitambaa, na vijana wanaokuita mlangoni, niliyatambua mara moja.

Nilijiandikisha kwa ziara ya siku nzima ya mashambani, kwa baiskeli na mashua. Tulikuwa watano: mtu na mkewe kutoka Uholanzi, dada wawili wa Australia, na mimi. Kiongozi wetu alikuwa kijana mchangamfu, mzaliwa wa huko huko, aliyesema Kiingereza safi na kutuhesabu kila tuliposimama, kama mwalimu na watoto wa skuli.

Asubuhi tulipanda baiskeli mpaka Cam Thanh, mahali penye maji mengi na vichaka vya minazi ya majini, ile isiyo na shina refu, ambayo makuti yake huota moja kwa moja kutoka kwenye tope. Wakati wa vita vichaka hivyo viliwaficha wapiganaji. Siku hizi huingia watalii, katika mashua za mviringo zilizosukwa kwa mianzi, kila moja kama ungo mkubwa. Ni chombo cha wavuvi, na kukiendesha kwa kasia moja bila ya kuzunguka pale pale ni ufundi hasa. Lakini ufundi huo wa kwenda mbele si uliotuleta sisi. Mtu mmoja wa makamo alisimama ndani ya mashua yake, muziki ukafunguliwa kwa sauti kubwa, naye akaanza kuizungusha kama pia, akiilaza ubavu huu na ubavu huu mpaka maji yakakaribia kuingia. Wageni walishangilia na kupiga makofi, wakamtunza noti. Alipomaliza aliketi, akajifuta jasho, na uso wake ukawa wa mtu mwingine kabisa.

Uso ule niliujua. Ulikuwa uso wa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na shamba upande wa Kizimbani, katika zile eka tatu tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Alikuwa mkulima wa karafuu na mkwezi wa minazi. Bei ya karafuu ikaanguka katika miaka ya 1980, na Unguja nayo ikafungua milango kwa watalii. Haukupita muda mrefu magari ya wageni yakaanza kusimama shambani kwake. Walionyeshwa mdalasini, iliki na manjano, wakavishwa kofia za makuti. Kisha mjomba hutia kamba miguuni, akapanda mnazi huku akiimba, na akifika juu huachia mikono akajitingisha, ili wale wa chini wapige kelele za khofu.

Wakati huo nilikuwa skuli ya sekondari, na nilikuwa nikimstahi mjomba kuliko watu wote. Siku moja nilimkuta akicheza vile mbele ya wageni. Nilijificha nyuma ya mshelisheli mpaka gari lilipoondoka.

"Shikamoo mjomba," nikamwambia. "Huoni haya?"

"Marahaba. Haya ya nini?"

"Kuchekwa."

Alikuwa akifungua kamba miguuni, na hakuinua kichwa. "Mwanangu, mnazi huu niliupanda kabla hawajaja, na jioni nitaupanda hawapo, niangue nazi zangu. Wao wamelipia ule wa saa nne tu."

Nililichukulia jawabu lile kuwa la mtu anayejifariji. Ilinibidi nifike Cam Thanh, zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa mimi ndiye mwenye noti mkononi, ndipo niliporudi kulitazama upya.

Juu ya jambo hili pana majibu mawili yaliyo tayari, na msomaji bila ya shaka ameshayasikia. La kwanza husema: wanalipwa, basi tatizo liko wapi? Biashara ni biashara. Jawabu hili lina ukweli, ila linapita haraka mno. Mwuza samaki akishauza samaki wake hunyanyuka akaenda zake, na hakuna kitu chake kilichochukuliwa isipokuwa samaki. Anayeuza kutazamwa, bidhaa yake ni mikono yake mwenyewe, mgongo wake, na jasho la kazi aliyofundishwa na baba yake. Hatuwezi kusema kuwa ni sawa sawa na kuuza changu wawili.

Jawabu la pili husema: ziara hizi ni udhalilishaji, na mtu mwenye utu asiende. Hili aghalabu hutolewa na watu walioshiba. Tuseme wageni wote wangeona haya siku ile na magari yasije tena Kizimbani. Utu wa mjomba ungeongezeka kwa kiasi gani? Ada yangu ya skuli ilitoka katika ule mnazi wa saa nne. Hilo nililijua na bado nilijificha nyuma ya mshelisheli. Mwenye kumhurumia mtu kwa namna hiyo humwondolea riziki, na juu yake humwondolea akili, kwani humdhania hajui anachouza.

Mjomba alijua. Siku moja mgeni mmoja aliomba kuingia ndani ya nyumba apige picha "maisha ya kweli". Ndani alikuwamo bibi yangu, mgonjwa kitandani. Mjomba alisema hapana. Mgeni akatoa noti, kisha noti nyingine. Mjomba akatabasamu vile vile kama anavyotabasamu juu ya mnazi, akarudishia mlango. Siku hiyo hakutunzwa kitu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani tulipopakia baiskeli zetu katika mashua ya mbao na kupanda mto Thu Bon mpaka kisiwa cha Cam Kim. Kule kuna njia nyembamba za saruji, na mpunga wa kijani kushoto na kulia, na makaburi katikati ya mabonde ya mpunga, kana kwamba wafu wamepewa kazi ya kulinda ndege. Tulisimama kwa maseremala wa Kim Bong, ambao sifa ya ujenzi wao wa nyumba na vyombo ni ya miaka mingi. Tulipita mzee aliyeshika nyati wake wa kulimia kando ya njia, tayari kwa picha. Kila mahali nilijiuliza: huu ni mnazi wa saa nne, au ni ule wa jioni? Wanaoinama pale mbali kwenye matope, hawatutazami, nao ni sehemu ya ziara? Hawakuulizwa. Nchi hii ilikuwa ikinunua mchele kutoka nje hata baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986. Mwaka 1989 ikaanza kuuuza kwa wingi, na magunia yake nimeyaona katika maduka ya kwetu. Nimekula jasho la watu wale kabla sijawaona, na siku nilipowaona nilikuwa juu ya baiskeli ya kukodi.

Mwisho tukaingia katika nyumba ya wasukaji wa mikeka. Kwa mtu wa kwetu mkeka ni kitu cha nyumbani: ukindu, ukili, na vidole vya bibi. Kule husukwa kwa mtambo wa mbao uliolazwa chini. Nyuzi za mtande zimekazwa, na wanawake wawili hufanya kazi kwa pamoja. Mmoja hupitisha majani makavu yaliyotiwa rangi kwa kijiti kirefu, mwingine hushindilia kwa ubao mzito. Aliyeshika ubao alikuwa bi kizee mwembamba. Kiongozi wetu alimwita *bà*, yaani bibi. Na akatueleza kuwa katika lugha yao ni vigumu kumsemesha mtu bila ya kwanza kumpa nafasi katika ukoo: bibi, shangazi, kaka, mdogo wangu. Nikamwambia hata sisi ndivyo. Nikajiuliza kimoyomoyo iwapo naweza kumwita bibi mtu niliyelipa ili nimwone.

Ukutani palikuwa na madhabahu ya wazee wao waliokufa, ubani ukifuka, na picha ya kijana. Yule Mholanzi, mtu mwema, alimwomba kiongozi amwulize bibi kijana yule ni nani, na alikufa vipi. Kiongozi hakuuliza. Alisema kwa upole, "Hilo halimo katika ziara," akatuelekeza kwenye mtambo. Mlango ulirudishiwa mbele ya macho yetu, kwa tabasamu lile lile la Kizimbani. Nilimheshimu kijana yule kuliko kwa Kiingereza chake chote.

Kisha zamu yangu ikafika. Nilichutama mahali pa bibi, nikashika ubao, nikashindilia mistari mitatu. Wote walinisifu. Bibi alinisifu. Nikapigwa picha.

Hapa ndipo jembe la wahenga liliponijia. Jembe la siku ya tatu lina mambo mawili ndani yake. Ukilima vibaya utaambiwa, na ukikataa kulima utajulikana. Kwa mambo hayo mawili mgeni huanza kuwa mtu wa nyumba, kwani sasa anaweza kuharibu, na mwenye kuweza kuharibu ndiye anayehisabiwa. Jembe la mtalii halina hata moja katika hayo. Ukilishika vibaya utasifiwa, ukilishika vizuri utasifiwa sawa sawa. Unalipia kazi iliyotolewa uzito wake, kama nazi iliyokwisha kunywewa maji.

Tulitoka, tukachukua baiskeli. Nilikuwa nimesahau kofia yangu, nikarudi. Mlangoni nilimkuta bibi amechutama mahali pake, naye anafumua. Ile mistari yangu mitatu, mmoja mmoja, anaitoa na kuiweka kando, kwani mkeka ule ulikuwa wa kuuzwa, na mnunuzi hatalala juu ya ukarimu. Aliinua macho akaniona. Nami nilimwona. Kwa nukta chache hakuna aliyejua la kufanya. Halafu akacheka, mkono mdomoni, akanionyesha mstari mmoja jinsi ulivyokwenda upande, akatikisa kichwa. Mwenzake naye akacheka. Nikacheka mimi, nikakubali kwa kichwa: kweli, mbovu.

Katika siku nzima ile, hilo ndilo jambo pekee ambalo halikuwamo katika bei. Nilikosolewa. Kwa muda wa kicheko kimoja nilipewa jembe lenyewe.

Tangu siku ile sina tena jawabu refu kwa wanaoniuliza kama ni halali kwenda kutazama kazi za watu kwa kujistarehesha. Nenda, na ulipe bila ya kuvutana bei na mtu anayetoka jasho. Lakini jua ulichonunua: umenunua mnazi wa saa nne. Usirudi kwenu ukasema umeona wanavyoishi. Ukirudishiwa mlango, shukuru, kwani hapo ndipo mwenyeji alipokuonyesha kuwa nyumba ni yake. Na kumbuka kuwa kila mgeni huacha nyuma yake mistari mitatu ya kufumuliwa, na kazi hiyo hufanywa na mwenyeji, baada ya makofi, bila ya malipo.

Mjomba amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na sikuwahi kumwomba radhi kwa ajili ya mshelisheli. Picha ya siku ile ninayo: nimeshika ubao, meno yote nje. Mkeka wenyewe bila ya shaka uliuzwa zamani, na yupo mtu anayelala juu yake, wala ndani yake hakuna hata jani moja nililolishindilia mimi. Ndivyo inavyopasa.