Breka Ikikata, Isikilizeni

Wanangu, ninyi mliotoka VETA juzi na vyeti vyenu bado havina kunjo, nina neno nanyi kuhusu hita za mabwawa ya kuogelea. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, maji ya bwawa huwa ya baridi mpaka watoto hawataki kutia hata mguu. Mwenye nyumba ananunua hita, anafungiwa, anafurahi. Siku moja anakupigia simu: breka inakata, na Jumamosi ana sherehe ya mtoto.

Hapo ndipo ninapowahofia. Fundi kijana anafika, anarudisha swichi, inakata. Anarudisha tena, inakata tena. Jioni inaingia na mwenye nyumba amesimama nyuma yake. Mwisho anaitoa RCD, anapiga dairekti, hita inawaka. Analipwa, anashukuriwa, anaondoka. Kitu kilichokuwa kimesimama kati ya umeme na watoto wa nyumba ile amekiweka kwenye begi lake la vifaa.

Eleweni vizuri, maana wengi huchanganya. Sakiti breka ya kawaida inalinda waya usiungue. RCD inamlinda mtu. Inapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi, na ikiona umepungua miliampea 30 njiani, inakata ndani ya sehemu 3 za kumi za sekunde. Hicho kilichopungua kimepita mahali pasipo pake, pengine mwilini mwa mtu. Hita ya kilowati 6 inavuta kama ampea 26, yaani zaidi ya mara 800 ya hizo miliampea 30. Na miliampea 10 hadi 20 tu zinatosha kukakamaza misuli mtu ashindwe kuachia alichoshika. Ngozi iliyolowa haina kizuizi cha maana. Aliye majini, mikono na miguu ikikakamaa, atazama hata kama umeme wenyewe haukumuua.

Mtaniambia, Mzee, ethi si ipo? Chukueni kalamu tupige hesabu. Nyumba nyingi za kwetu hutegemea fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje. Tuseme ukinzani wake ni omu 20, na kiangazi udongo ukikauka huzidi hapo. Koili ikitoboka na laini ikagusa chuma cha hita, volti 230 ukigawa kwa 20 unapata ampea 11.5. Jumlisha na zile 26 za hita yenyewe, hazifiki 38. Breka ya ampea 40 haina habari. Chuma kinabaki na umeme, pampu inazunguka, maji yanapata joto, na hakuna mtu atakayejua mpaka atokee wa kushika ngazi ya bwawa akiwa amelowa. Ndiyo maana RCD haina mbadala kwenye bwawa. Ndiyo maana pia vyuma vyote vya pale, ngazi, mabomba, ganda la pampu, hata nondo za zege kama zinafikika, lazima viunganishwe pamoja kwa waya wa ethi, ili mtu asishike vyuma viwili vyenye volti tofauti.

Sasa, breka inakata. Ulizeni kwanza inakata lini. Ikikata papo hapo, hilo ni jambo moja. Ikikata baada ya dakika kadhaa za kupasha, shukuni koili: ufa mdogo hupanuka chuma kikipata moto na kujifunga kikipoa, kwa hiyo ukiipima ya baridi inaweza kukudanganya. Ikikata siku za mvua tu, tafuteni kiungo cha waya kilichozikwa ardhini na kufungwa kwa tepu. Maswali haya hayana gharama, na mtunza bustani mara nyingi ana majibu kuliko mwenye nyumba.

Kisha zimeni umeme. Nasisitiza neno hili kwa sababu katika nyumba zenye mabwawa umeme hauingii kwa mlango mmoja. Kuna gridi, kuna jenereta inayojiwasha yenyewe, siku hizi kuna sola na betri. Umezima meni, uko chini umeshika waya, gridi inakatika mtaani na jenereta inanguruma. Zimeni swichi ya hita yenyewe, ifungeni kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwenu. Testa ya bisibisi msiiamini. Chukueni multimita, ipimeni kwanza penye umeme mnaoujua, pimeni mnapotaka kufanya kazi, kisha rudini kuipima tena pale pa kwanza. Kama hita ni ya aina ya pampu ya joto, ile yenye kompresa na feni, kapasita yake hubaki na chaji hata baada ya kuzima. Imalizeni kwa rezista, si kwa kugusisha bisibisi.

Ndipo mfungue mfuniko. Tumieni pua kabla ya mkono. Skrubu iliyolegea hunuka plastiki iliyoungua, na waya hapo huwa umebadilika rangi. Angalieni kontakta: sisimizi na mijusi hupenda joto lake, na mjusi mmoja aliyekaukia kati ya chuma na chuma anatosha kuizuia isigusane. Tenganisheni waya zote mbili za koili, laini na nyutro. Pimeni ukinzani wake. Ya kilowati 6 kwa volti 230 iwe karibu na omu 9. Kisha pimeni kati ya koili na ganda kwa mega ya volti 500. Chini ya megaomu 1, koili hiyo imekwisha, hata kama bado inapasha maji. Inunuliwe nyingine.

Angalieni na rangi za waya. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laini na nyeusi kwa nyutro. Hita iliyotoka Marekani ina nyeusi kwa laini. Fundi anayefuata rangi bila kupima atafunga kinyume.

Wakati mwingine hita haikati breka wala haiwaki, na vijana wanakimbilia kulaumu umeme. Tazameni chujio kwanza. Likiziba, maji hayapiti vya kutosha, na kile kiswichi kinachosikia mkondo wa maji kinaizuia hita isiwake. Kimefanya kazi yake. Ukikipiga dairekti, koili itawaka bila maji kupita, na utakuwa umeunguza hita ya mteja kwa sababu ya uchafu wa chujio.

Mteja akikwambia, wewe irudishe tu, sherehe ipite, mjibu kwa heshima kwamba huwezi, na mwambie sababu kwa lugha anayoielewa. Akiita fundi mwingine, mwache aite. Leseni ya EWURA ina jina lako, na malipo ya siku moja hayalingani na kusimama msibani kwa watu uliowafungia hita.

Kabla ya kuchukua hela yenu, waiteni waliopo nyumbani: mama, dada wa kazi, mlinzi, watoto wakubwa. Waonyesheni swichi ya hita na pampu ilipo, kila mmoja aizime kwa mkono wake. Wabonyeze kitufe cha kujaribia cha RCD waone inavyokata, na wawe wanafanya hivyo kila mwezi. Waambieni kwamba mtu akikakamaa majini, wasiruke kumfuata, maana umeme utawachukua na wao. Swichi kwanza, kisha fimbo kavu ya mbao au ya plastiki ya kumvutia ukingoni. Kama hapumui, waanze kumkandamiza kifua papo hapo huku mwingine akiita msaada.

Na swichi hiyo isiwe ndani ya stoo inayofungwa. Mkiikuta humo, ihamisheni siku hiyohiyo.