Maji Yanayorudi Tangini: Pampu, Barafu na Hukumu ya Twahara

Maji yaliyopita juu ya mikono ya mtu anayetawadha, yakakusanywa, yakarudishwa tangini kwa pampu na kupozwa tena kwa barafu, je, ni maji yale yale au ni mengine? Katika mji wenye mto jirani swali hili ni la darasani tu. Liboi, mji wa mpakani katika kaunti ya Garissa, hakuna mto. Maji hutoka ardhini, katika tabaka la miamba la Merti linalovuka mpaka kuingia Somalia, na kila lita hupandishwa kwa injini ya dizeli au kwa nguvu ya jua. Kuyazungusha maji badala ya kuyamwaga kuna maana hapo. Wakazi wengi ni Wasomali wa madhehebu ya Shafii, na fikihi ya Shafii ina mengi zaidi ya kusema juu ya jambo hili kuliko mtu anavyotarajia.

Barafu yenyewe haina tatizo. Matini ya fikihi ya Abu Shujaa, inayosomeshwa kwa karne nyingi, huhesabu maji saba yanayofaa kwa twahara: ya mvua, bahari, mto, kisima, chemchemi, theluji na mvua ya mawe. Barafu iliyoyeyuka inaingia humo bila shaka. Kinachojadiliwa ni joto. Wanazuoni wa Kishafii waliona ni karaha kutumia mwilini maji yaliyopashwa na jua, kwa masharti: nchi iwe ya joto, chombo kiwe cha madini kama chuma au shaba, na maji yatumiwe yakiwa bado moto. Tangi la bati lililoachwa juani Liboi wakati wa Jilaal, msimu wa ukame, joto la mchana likipita nyuzi 35, linatimiza masharti yote matatu. Tangi la plastiki halimo. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaji ndicho nguzo ya masomo ya fikihi kwa Wasomali, aliona ushahidi wa karaha hiyo ni dhaifu na akaelemea kuiondoa. Hata wanaoishikilia wanakubali kwamba maji yakishapoa karaha huondoka. Kwa upande wa pili, maji ya baridi kali nayo ni karaha, kwa kuwa humfanya mtu aoge nusunusu. Shabaha, basi, ni ubaridi wa wastani.

Kufika hapo kuna hesabu yake. Lita 100 za maji ya nyuzi 35 zahitaji kilo 15 hivi za barafu ili zishuke hadi nyuzi 20. Pampu huharakisha kazi kwa kuondoa maji yaliyokwisha kupoa karibu na barafu na kuleta mengine ya moto, lakini haiongezi ubaridi hata kidogo. Tena hupunguza: umeme wote wa pampu iliyozamishwa hugeuka joto ndani ya maji yale yale. Pampu ya wati 50 ikifanya kazi usiku na mchana inakula barafu ya kilo 10 hivi kwa siku, ilhali ya wati 10 inakula kilo 2. Anayechagua pampu kubwa kwa kudhani nguvu ni ubora ananunua barafu ya kupozea pampu. Yafaa ndogo, yenye uwezo wa kupandisha maji kwa kimo kinachohitajika na si zaidi, izimwe watu wanapoondoka. Na barafu huwekwa mwisho, baada ya kivuli na upepo wa usiku kufanya kazi yao ya bure.

Wapikaji wa bia ya nyumbani wanaijua kanuni hiyo. Uji wao wa shayiri ukitoka jikoni hupozwa kwa koili ya shaba iliyozamishwa ndani yake. Kwanza hupitishwa maji ya kawaida, kisha, joto likishashuka, maji ya barafu yanayozungushwa na pampu ndogo. Inafaa kusema kwamba wakati huo hakuna kileo bado, kwa sababu hamira hutiwa baada ya kupoa. Kifikihi koili ikivuja saa hiyo, maji yamekutana na uji mtamu wa nafaka, si na pombe.

Sasa hukumu ya maji yanayorudi. Kwa Shafii, maji machache yaliyotumika katika osho la faradhi, yakishatengana na kiungo, hubaki safi lakini hayasafishi tena: yanaweza kunywewa au kufulia, hayawezi kutawadhia. Mpaka kati ya machache na mengi ni qullatein, ambayo kwa vipimo vya leo hukadiriwa kwa kawaida kuwa lita 216, yaani sanduku la sentimita 60 kila upande, ingawa wako waliokadiria pungufu au zaidi ya hapo. Yakifika kiasi hicho, hata kama yote ni maji yaliyotumika yaliyokusanywa tone kwa tone, kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kwamba yamerudi kusafisha. Hapa ndipo pipa la mafuta la lita 200, chombo kinachoonekana kila ua wa kaskazini-mashariki, linapokosa kwa lita chache tu. Tangi la lita 500 linalojazwa kabla halijashuka nusu halina shaka.

Mtu anaweza kudai kwamba pampu imeyageuza maji yakawa ya kutiririka, na maji ya mto si kama ya dimbwi. Hoja inavutia, lakini Minhaji imekwisha kuijibu: maji yanayotiririka yana hukumu ya yaliyotulia. Katika madhehebu kila mkupuo hupimwa peke yake. Kauli ya kale ya Shafii ilikuwa nyepesi zaidi, ikisema yanayotiririka hayanajisiki bila kubadilika. Anayefuata kauli mpya hapati chochote kwa kuzungusha lita 150. Mwendo haukuongeza ujazo. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya duka la vifaa ni ukubwa wa tangi. Pampu inafuata.

Imamu Malik alishika njia nyingine: kinachoyanajisi maji ni kubadilika kwa rangi, ladha au harufu, na yaliyotumika ni karaha tu pale yanapopatikana mengine. Ghazali, Mshafii aliyefariki mwaka 1111, aliandika waziwazi katika kitabu chake Ihya kwamba alitamani madhehebu yake yangekuwa kama ya Malik katika suala hili, kwa kuwa haja ya watu ni kubwa na wasiwasi hufunguliwa mlango na vipimo. Tamanio hilo lina uzito zaidi mahali penye ukame. Mwaka 1978 baraza la wanazuoni wakubwa wa Saudi Arabia liliamua kwamba hata maji taka, yakisafishwa hadi athari zote za najisi zikatoweka, yanafaa kwa twahara, ila ikiwa yana madhara kwa afya. Historia ya maji haikuhesabiwa; ilihesabiwa hali yake.

Najisi ikiingia ndani ya maji machache, ukali wa Shafii hurudi: yananajisika papo hapo, yamebadilika au hayajabadilika. Pombe, kwa mfano, kwa wanazuoni wengi ni najisi, ingawa Rabia, Laith bin Saad na Muzani, mwanafunzi wa Shafii mwenyewe, waliiona haramu bila kuwa najisi. Mafuta yanayovuja kutoka kwenye mota ya pampu hayamo katika mlango huo. Mafuta ni kitu safi kinachokaa kando ya maji bila kuchanganyika nayo, na mabadiliko yake hayaondoi usafishaji. Chumvi ya kisima na kutu ya bomba nazo husamehewa, kwa kuwa ni za makao na njia ya maji. Chumvi hiyo ni adui wa pampu zaidi kuliko wa udhu: hula chuma cha kawaida, na pampu ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi.

Kuna hukumu iliyo juu ya zote hizi. Udhu wa Mtume umepokewa kuwa wa mudi moja, kiasi kisichofika lita. Na maji yakihitajika kwa kiu, ya mtu au ya mnyama mwenye heshima kisheria, hata kama kiu hiyo inatarajiwa baadaye tu, haijuzu kuyatawadhia. Mtu hutayamamu kwa udongo. Ngamia na mbuzi wa mfugaji wamo katika hesabu hiyo. Jilaal ikirefuka na kisima kikipungua, maji ya tangini hupelekwa kwenye hori la wanyama, na pampu ya kuzungusha huzimwa.