Viduara vya Nuru Katika Picha: Tuvisomeje?



Tangu simu zenye kamera zilipoenea katika nyumba zetu hapa Kigwena, swali moja limekuwa likiletwa mara kwa mara kwa wazee wa kanisa. Mtu amepiga picha usiku, kwenye mkesha, kwenye kilio au kwenye arusi. Akiitazama anaona viduara vya nuru vinaelea hewani, vingine vidogo kama punje ya hindi, vingine vikubwa kama sahani. Wakati wa kupiga hakuna aliyeviona. Mmoja anasema ni malaika. Mwingine anasema ni roho ya marehemu. Wa tatu anasema ni mchawi amenaswa. Je, Mkristo avisome namna gani vitu hivyo?

Swali hili si la kuchekwa. Sisi ni watu tuliokimbia. Wengi wetu tuliacha ng'ambo ya ziwa watu wetu tusiowazika, na wengine tuna ndugu ambao mpaka leo hatujui kama wako hai. Mtu wa namna hiyo akiona nuru katika picha, moyo wake hauulizi habari za kamera. Unauliza, "Je, ni yeye?" Kwa hiyo inatupasa tujibu kwa upole, lakini pia tujibu kweli.

KAMERA INAFANYA NINI

Mithali 18:13 inatuonya kwamba kujibu neno kabla ya kulisikia ni upumbavu na aibu. Basi tuisikilize kamera kwanza.

Simu na kamera ndogo zina flashi iliyokaa karibu sana na lenzi, sentimita chache tu. Flashi ikiwaka, nuru yake hugonga vitu vilivyo mbele kabisa ya lenzi: punje ya vumbi, tone la mvua au la ukungu, mbu, mdudu wa ziwani. Vitu hivyo huirudisha nuru moja kwa moja kwenye lenzi. Lakini lenzi imelenga watu waliosimama mita tatu au nne mbele, kwa hiyo kitu kilicho karibu sana hakitokei sawasawa. Kinatawanyika na kuwa duara, kwa kuwa tundu la lenzi lenyewe ni duara. Ndiyo maana punje isiyoonekana kwa macho inatokea katika picha kubwa kama kichwa cha mtu. Na wengine wakiona ndani yake kama uso, ni jinsi ile ile tunavyoona nyuso katika mawingu.

Picha za namna hii ziliongezeka sana duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati kamera za dijitali zilipoenea. Kamera kubwa za zamani, ambazo flashi yake iliwekwa juu au kando mbali na lenzi, hazikutoa viduara vingi hivyo. Kama hao ni malaika, kwa nini wasubiri mpaka kamera ziwe ndogo?

Video nazo ni vivyo hivyo. Kamera za kuona gizani hutumia mionzi ambayo macho yetu hayaioni, na mara nyingi taa zake zimeizunguka lenzi. Mdudu akipita karibu, anaonekana kama mpira wa nuru unaokwenda mbio na kugeuka ghafula. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaoingia usiku katika majumba ya zamani na makaburini kutafuta mizuka kwa kamera hizo. Kwa miaka mingi wengi wao walivihesabu viduara kuwa ushahidi mkubwa. Mwaka 2007 kilitolewa hata kitabu, The Orb Project, kilichoandikwa na mwanatheolojia mmoja na mwanafizikia mmoja, chenye kuvitetea. Lakini siku hizi watafutaji wengi wa mizuka wenyewe wanavikataa, wakisema ni vumbi na wadudu.

Anayetaka kuhakikisha afanye hivi. Usiku, ndani ya nyumba, akung'ute mkeka mkavu, kisha apige picha kwa flashi. Halafu azime flashi, aweke taa kando mbali na simu, akung'ute tena na kupiga pale pale. Viduara vitapungua sana au vitatoweka. Malaika wa Bwana hafukuzwi kwa kuzima flashi.

Na hapa kwetu sababu zote zipo. Msitu wa Kigwena una unyevu, ziwa linatoa wadudu wengi, kiangazi njia zetu ni vumbi tupu, na katika mkesha miguu mingi inacheza juu ya udongo mkavu.

NURU NI YA KWELI, LAKINI NI YA NANI?

Sisi tunaoishi kando ya Tanganyika tuna somo ambalo wengine hawana. Kila usiku usio na mbalamwezi tunaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji. Taa huvuta vidudu vidogo vya majini, ndagala nao wanaijia, na wavu unawangoja chini. Ndagala hakosei kusema nuru ipo. Nuru ipo kweli. Anakosea juu ya yule aliyeiwasha, na sababu ya kuiwasha.

Hapo ndipo penye shida ya picha zetu. Picha inaweza kushuhudia kwamba nuru iliifikia kamera. Haiwezi kushuhudia nuru hiyo ni ya nani, wala imekuja kusema nini.

Wengi wetu tunaijua picha ya William Branham, mhubiri wa Marekani aliyefariki mwaka 1965. Katika nyumba nyingi za Kongo, za wale wanaofuata Ujumbe wake, picha hiyo imetundikwa ukutani. Ilipigwa Houston, Texas, mwezi wa Januari 1950, nayo inaonyesha nuru juu ya kichwa chake. Wafuasi wake husema ni Nguzo ya Moto, ile iliyowaongoza Waisraeli jangwani. Wengine husema ilikuwa taa ya ukumbini. Siandiki haya kuwadharau majirani zetu, ambao wengi wao walikimbia pamoja nasi. Naandika kwa sababu ya jambo moja la kufundisha. Filamu ile ilipelekwa kwa mchunguzi wa hati aitwaye George Lacy. Akaipima, na katika taarifa yake akasema kwamba haikurekebishwa kwa mkono, wala si picha mbili zilizopigwa juu ya moja, na kwamba nuru iliipiga filamu.

Angalieni alikoishia. Alisema kwamba filamu ilipigwa na nuru. Yanayozidi hapo yalisemwa na imani ya watu, si na filamu. Ukiamini kwamba ilikuwa nuru ya Mungu, hukuipata imani hiyo katika picha. Ulikuja nayo, ukaiweka juu ya picha.

FARAJA INAYOUZWA

Jambo hili lina historia. Mjini Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1860, mpiga picha William Mumler alianza kutoa picha ambazo nyuma ya mteja kulionekana kivuli cha marehemu. Wakati huo huo Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, na familia nyingi zilipoteza watoto wao. Watu walilipa fedha wapate kuwaona. Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa udanganyifu, akaachiliwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Miaka michache baadaye mjane wa Rais Abraham Lincoln alikwenda kwake, naye akatoka na picha yenye kivuli cha mumewe mabegani.

Mama huyo hakuwa mjinga. Alikuwa amefiwa. Penye vita na makaburi mengi, biashara ya kuwaonyesha watu wafu wao haikosi wateja. Kwa hiyo sisi wakimbizi tuwe macho kuliko wengine. Mtu akija kambini au kijijini akisema anaweza kusoma viduara katika simu yako, halafu akataja sadaka, mwelewe kwamba amekuja na wavu.

Mama mmoja wa kanisa alinionyesha picha ya matanga yenye kiduara karibu na kitanda cha mtoto wake aliyefariki. Sikuanza na somo la vumbi. Tulikaa, akanisimulia habari za mtoto. Alipouliza kama yule ni mwanawe, nilimwambia kwamba sidhani, na kwamba simu inatoa viduara hivyo hata katika chumba kisicho na msiba. Tena nikamwambia kwamba hana haja ya kumtafuta mtoto ndani ya simu, kwa sababu simu huharibika na huibiwa, lakini Bwana hapotezi aliowapokea. Alilia. Baadaye alisema ni afadhali hivyo, kwa maana alikuwa ameacha kulala, akipiga picha kila usiku apate kumwona tena.

Ndugu, faraja inayomnyima mtu usingizi si faraja.

PICHA INAPOKUWA MASHTAKA

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni picha inayomhukumu mtu. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, huko Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake kadhaa waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine wakichomwa moto. Waliowataja walikuwa watu waliojiita wenye maono. Huko Usukuma, Tanzania, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Na macho hayo yalitoka wapi? Kwa wengi ni moshi wa kupikia kwa kuni na samadi kavu, miaka arobaini au hamsini ya kuwapikia watoto na wajukuu. Alama ya kazi ya upendo ikasomwa kuwa alama ya uchawi.

Kwetu pia mbegu hiyo ilianza kuota. Katika picha ya mkesha mmoja, kiduara kilitokea juu ya bega la bibi mmoja mjane. Vijana wakaitumiana katika simu. Kwa muda wa majuma mawili hakuna aliyetaka kuchota maji karibu naye. Wazee wakawaita vijana, wakapiga nao picha ishirini mahali pale pale usiku, na viduara vikatokea juu ya mabega ya vijana wenyewe. Shauri likaisha kwa kicheko, Mungu ashukuriwe. Lakini je, kama halingeishia hapo?

Torati iliagiza kwamba mtu asihukumiwe kwa shahidi mmoja, bali kwa wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15). Tena shahidi alipaswa kuulizwa vizuri, na akionekana mwongo aadhibiwe. Kiduara hakiwezi kuulizwa. Hakina kinywa, hakiapi, wala hakiogopi adhabu. Kumhukumu jirani kwa ushahidi kama huo ni dhambi, hata ikifanywa katikati ya maombi.

JE, MUNGU HAWEZI KUTUMIA VUMBI?

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, Mungu aliyetumia kijiti kinachowaka moto atashindwa na punje ya vumbi?" Hashindwi. Alimwumba Adamu kwa mavumbi. Lakini kile kijiti kilikuwa na neno. Musa aliitwa kwa jina, akapewa kazi ya kuwatoa watu katika utumwa (Kutoka 3). Nguzo ya moto nayo iliwaonyesha watu njia ya kupita usiku. Ishara za Mungu katika Maandiko hukuambia ufanye nini, na jambo lenyewe ni jema. Kiduara kisicho na neno ni kama barua tupu: kila mmoja anaandika humo anayoyataka, mwenye huzuni huzuni yake, mwenye chuki chuki yake.

Tena Paulo anatukumbusha kwamba hata Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Basi kung'aa peke yake hakutoshi kuwa dalili ya utakatifu. Yohana anatuagiza tuzijaribu roho (1 Yohana 4:1), na Bwana mwenyewe alifundisha kwamba mti hujulikana kwa matunda yake (Mathayo 7:16-20). Kujaribu si kukosa imani. Ni kutii.

TUFANYEJE BASI

Kwanza, ukiona kiduara katika picha, piga tena pale pale bila flashi, ukaone. Pili, usiitume picha kwa watu kabla ya kuionyesha kwa mzee mmoja wa kanisa, hasa kama mtu anaonekana ndani yake. Tatu, usimpe mtu fedha ili akusomee picha. Nne, kama mwenzako anafarijika kwa picha yake, usimkejeli wala usimwongezee uongo. Kaa naye, msikilize, mwambie kweli kwa wakati wake. Tano, kama uliwahi kutuma picha iliyomharibia jirani jina, nenda kwake mbele ya wale wale uliowatumia, umrudishie jina lake. Sisi tuliopoteza mashamba na nyumba, jina jema ni katika mali chache tulizovuka nazo ziwa.

Wapendwa, nuru tuliyoagizwa kuitafuta haihitaji kamera. Inaonekana mchana, mtu anapomgawia mwenzake unga kidogo aliopewa, na yule bibi mjane anapochotewa maji na vijana wale wale waliomkimbia.

Bwana awalinde, awape macho ya kupambanua na mioyo isiyohukumu haraka. Amina.

Mchungaji wenu katika Kristo