Mbio za Ahimaasi

Somo: 2 Samweli 18:19–33

Kabla ya kuitwa katika utumishi nilisomea uandishi wa habari. Nikiwa mwaka wa pili, redio ya chuo ilinituma kutoka Dodoma kwenda Moshi kuripoti Kilimanjaro Marathon. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kazi. Nilipewa nauli, kinasa sauti na agizo moja: habari ifike kabla ya taarifa ya saa sita mchana.

Basi lilipofika Babati, mzee niliyekaa naye alinyoosha mkono upande wa Mbulu, akasema huko ndiko kwao John Stephen Akhwari. Habari zake nilizijua: marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968, goti limefungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Giza lilikwisha kuingia na watazamaji wengi walikwisha kwenda zao. "Mjukuu wangu," mzee akasema, "tunamjua kwa sababu mwenye kamera alikuwa hajaondoka." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikalifunga.

Mkimbiaji niliyetumwa kumfuatilia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, jirani wa chuo chetu, anayekimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza. Anayeijua Moshi anaijua njia ya Mweka. Ni kupanda tu, na huko unafika miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Nilipanda kwa bodaboda, nikamkuta amekaa kando ya barabara, amevua viatu, watu wa huduma ya kwanza wamemwinamia. Sikushuka. Nilitazama saa, nikamwambia dereva ageuze. Saa tano na nusu nikatuma: mkimbiaji wetu ameishia Mweka. Saa sita ikasomwa.

Wapendwa, ndiyo maana siwezi kulisoma somo la leo kama mtu wa mbali. Ahimaasi mwana wa Sadoki alimbembeleza jemadari Yoabu amruhusu kupeleka habari za vita kwa mfalme Daudi. Alikuwa na mbio. Hata mlinzi aliye juu ya lango alimtambua kwa jinsi alivyokimbia. Akampita Mkushi, mjumbe aliyetangulia kutumwa. Lakini mfalme hakuanza kuuliza habari za ushindi. Aliuliza kama kijana Absalomu, mwanawe, yu salama, na hapo Ahimaasi akababaika: aliona kishindo kikubwa, hakujua ni nini. Yoabu alikuwa amemwambia wazi kwamba mwana wa mfalme amekufa. Alilijua neno, akashindwa kulisema mbele ya baba. Mimi nilisema nisilolijua. Ninaona kosa letu ni moja: wote wawili tuliifikiria njia na muda, hatukumfikiria anayengoja langoni. Na kila ujumbe wa ajali au msiba unaoingia kwenye simu zetu, tukausambaza kabla ya kuuliza, una mtu wa namna hiyo anayengoja.

Saa saba kasoro nilikuwa uwanjani nakunja nyaya zangu, mafundi wakiteremsha mabango. Nikasikia makofi machache. Nilipogeuka nilimwona Mwalimu anaingia, anachechemea, soksi moja imelowa damu. Alivuka mstari, akakaa kwenye nyasi. Nilimwendea, miguu yangu mizito kuliko yake.

Tayari alikuwa ameazima simu na kusikia. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. "Mwanangu," akasema, "nyumbani redio imewaambia nimeanguka. Wanangu wanalia. Mama mkwe wangu ana presha. Mimi wataona nawafariji tu. Piga wewe."

Nilipiga kwanza redioni, nikaomba wasahihishe. Walisoma sentensi moja jioni. Kisha nikapiga nyumbani kwake. Alipokea mama mtu mzima. Nilianza kujitambulisha, jina, chuo, kazi iliyonileta. Akanikatiza.

"Yu mzima?"

"Mzima, bibi. Amemaliza mbio."

"Umeambiwa au umemwona?"

"Nimemwona, bibi. Nimekaa naye hapa kwenye nyasi. Anakunywa maji."

Akashusha pumzi ndefu. Nikasikia akiwaita watoto, kisha akaniomba nimpe Mwalimu simu.